Sura ya 6: Miaka ya Kukaa Nyuma ya Kocha Mkuu

Fainali ya mita 5000 ya Olimpiki ya Tokyo, Oktoba 1964, ilikimbiwa uwanja ukiwa umelowa mvua, na watano wa kwanza wote walimaliza ndani ya sekunde mbili. Bob Schul wa Marekani alichukua dhahabu na Harald Norpoth wa Ujerumani akachukua fedha. Bill Dellinger wa Marekani na Michel Jazy wa Ufaransa waliandikiwa muda uleule, dakika 13 na sekunde 49.8, lakini shaba ikaenda kwa Dellinger. Wa tano alikuwa askari polisi kutoka Kenya, Kipchoge Keino. Habari za Keino tangu siku hiyo hazihitaji kusimuliwa huku kwetu. Za Dellinger hazijulikani sana, na ndizo zinazohusu sura hii. Alikuwa na miaka 30, na hiyo ilikuwa Olimpiki yake ya tatu. Miaka michache baadaye alirudi Chuo Kikuu cha Oregon, alikosoma na kukimbia, akawa kocha msaidizi chini ya Bill Bowerman, mtu yuleyule aliyekuwa amemfundisha yeye. Alikaa katika nafasi hiyo hadi 1973 alipokabidhiwa timu. Wanaoandika maisha yake huipita miaka hiyo kwa sentensi moja, kana kwamba alikuwa kwenye foleni akisubiri zamu yake. Mimi nadhani ndiyo miaka iliyomfanya awe kocha, na kwamba mkimbiaji hodari asiyepata miaka ya namna hiyo hubaki mkimbiaji mstaafu aliyeshika saa.

Imani iliyozoeleka ni nyingine. Watu huamini kwamba aliyekimbia vizuri anajua kukimbia, na anayejua kukimbia anaweza kufundisha. Vyama vya riadha hufikiri hivyo, wazazi hufikiri hivyo, na wakimbiaji wenyewe ndio wanaoamini zaidi, kwa sababu kila mmoja anabeba kichwani kumbukumbu ya mazoezi yaliyompa muda wake bora. Kasoro ya kumbukumbu hiyo ni kwamba inahusu mwili mmoja tu. Aliyekimbia kilomita 160 kwa wiki akashinda hawezi kujua kama alishinda kwa sababu ya zile kilomita au alishinda licha ya kuwa nyingi mno. Hakuwahi kuwa na nafsi ya pili ya kulinganisha nayo. Isitoshe, wenzake waliofuata ratiba ileile wakavunjika miguu hawako uwanjani leo kutoa ushahidi wao. Walirudi darasani, wakahitimu, wakaenda kufanya kazi benki. Aliyebaki ndiye anayesikilizwa, naye anasimulia jinsi alivyobaki.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe, maana wengi husikia jina la kocha msaidizi wakamfikiria mtu wa kubeba chupa za maji. Katika vyuo vya Marekani, kocha mkuu wa riadha anasimamia kila kitu, kuanzia warusha tufe na waruka juu hadi bajeti na mkuu wa michezo wa chuo. Chini yake wapo wasaidizi waliogawana fani: mmoja ana mbio fupi, mwingine mitupo, mwingine miruko, na mmoja ana mbio za kati na ndefu. Huyu wa mwisho ana mwaka mrefu kuliko wenzake. Mbio za nyika huanza Septemba, wanaume wakikimbia kilomita 10 na wanawake kilomita 6 kwenye ubingwa wa taifa mwezi Novemba. Zikiisha, msimu wa ndani ya ukumbi unaanza na kwenda hadi Machi, kisha unafuata msimu wa uwanja wa nje unaofika Juni. Mrusha mkuki hana la kufanya kwenye mbio za nyika. Msichana wa mita 5000 anatakiwa katika misimu yote mitatu, na chuo kinazihitaji alama zake katika yote mitatu. Msaidizi ndiye anayemtazama kila siku. Anaandika ratiba ya wiki, anasimama kwenye kona ya uwanja akisoma muda kwa sauti, anaendesha gari la timu kwenda mashindanoni, anawapigia simu wanafunzi wa sekondari anaotaka kuwasajili. Malipo yake ni madogo ukilinganisha na ya kocha wa soka la Kimarekani, na kwa miongo mingi wengine hawakulipwa kabisa. Hadi 2023 kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ziliitambua rasmi nafasi ya kocha wa kujitolea asiyeruhusiwa kulipwa mshahara. Baadhi yao walikwenda mahakamani.

Dellinger alijifunza nini katika nafasi hiyo ambacho medali ya shaba haikumfundisha? Bowerman alikuwa maarufu kwa kupokezanisha siku ngumu na siku nyepesi, jambo linaloonekana la kawaida leo lakini lililowakera wengi enzi zile, walipoamini kwamba siku bila maumivu ni siku iliyopotea. Mwanafunzi wa Bowerman angeweza kulitii bila kulielewa. Msaidizi wake hakuwa na nafasi ya kutolielewa, kwa sababu yeye ndiye aliyetakiwa kuamua, saa kumi jioni, iwapo kijana aliye mbele yake amepona mazoezi ya juzi. Vijana hawaponi kwa kasi moja. Steve Prefontaine aliingia Oregon mwaka 1969, na mazoezi yake ya kila siku yaliangukia zaidi mikononi mwa Dellinger. Hapo Dellinger alikutana na mwili tofauti na wake na tabia tofauti na yake. Yeye alikuwa mkimbiaji wa kusubiri na kumalizia kwa kasi, na shaba ya Tokyo aliipata kwa kumpita Jazy mwishoni. Prefontaine alitaka kuongoza tangu bunduki inapolia. Kocha anayefundisha kumbukumbu zake angejaribu kumgeuza. Dellinger alimwachia mtindo wake, akatafuta mazoezi ya kumfanya aweze kuubeba.

Moja ya mazoezi hayo bado linatumika vyuoni, na linastahili kutazamwa kwa karibu. Mkimbiaji anakimbia mita 200 kwa sekunde 30, halafu mita 200 zinazofuata kwa sekunde 40, bila kusimama, kisha anarudia 30, kisha 40, hadi ashindwe kuzitimiza. Kwa hesabu, mzunguko mmoja ni sekunde 70, na mizunguko kumi na miwili na nusu ingempa mita 5000 kwa dakika 14 na sekunde 35. Si muda wa kutisha kwa mkimbiaji wa ngazi hiyo. Ugumu umo katika zile sekunde 40. Mtu akitoka kwenye 30 mwili unataka kujiachia, na akijiachia anafika kwa 43 au 44, ile 30 inayofuata inamlazimu kuvuta pumzi ambayo hana, na baada ya mizunguko michache anaporomoka. Anayelimudu ni yule aliyejifunza kupumzika akiwa bado anakwenda kasi. Kwa anayesimama na saa, zoezi hili huonyesha mengi. Mabega yanaanza kupanda kabla muda haujaharibika. Mkono mmoja unavuka kifua. Mguu unaanza kutua kwa kishindo kinachosikika. Kocha akiyaona hayo kwenye mzunguko wa saba anaweza kusimamisha kazi kabla mkimbiaji hajashindwa mwenyewe, na uamuzi huo hauandikwi kwenye ratiba yoyote. Aliyewahi kulikimbia anajua linavyouma, na hilo lina faida yake. Lakini kujua mabega ya mtu fulani hupanda lini hakupatikani kwa kukimbia. Hupatikana kwa kutazama watu wengi, kwa muda mrefu, huku jina lililo kwenye mlango wa ofisi likiwa la mwingine.

Faida ya jina hilo la mwingine ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Msaidizi anakosea chini ya kivuli. Akimzidishia mtu mazoezi, yupo mkubwa wa kumuuliza kwa nini. Akipendelea mkimbiaji anayefanana na yeye alivyokuwa kijana, ugonjwa ambao karibu kila mkimbiaji mstaafu anao, yupo wa kuuona. Kocha mkuu anapata lawama za hadharani, msaidizi anapata za ofisini, mlango ukiwa umefungwa, na hizo za ofisini ndizo zinazofundisha.

Hapa msomaji makini atanisimamisha. Alberto Salazar, aliyekuja kuwa kocha mwenye sifa mbaya, alikimbia Oregon chini ya Dellinger huyuhuyu. Kama ukoo wa makocha unarithisha hekima, hekima hiyo ilikwenda wapi? Swali ni zito. Salazar alikuwa mtu asiyejua kusimama. Mwaka 1978, kwenye mbio za Falmouth, alianguka kwa joto la mwili lililofika karibu nyuzi 42 hadi akasomewa sala za mwisho. Mwaka 1982 alimshinda Dick Beardsley kwa sekunde mbili kwenye Boston Marathon, kisha akahitaji kutundikiwa lita kadhaa za maji ya chumvi. Ndani ya miaka michache kasi yake ilipungua, na haikurudi kamwe ilivyokuwa. Mtu angetarajia kwamba aliyelipa gharama hiyo angekuwa wa kwanza kuwazuia wengine. Kikundi alichokiongoza kuanzia 2001, Nike Oregon Project, kilijengwa kumzunguka yeye. Mwaka 2019 alifungiwa miaka minne kwa ukiukaji wa kanuni za dawa zilizopigwa marufuku michezoni, na mwaka huohuo Mary Cain, aliyejiunga naye akiwa binti wa sekondari, alieleza hadharani jinsi alivyosukumwa apunguze uzito hadi mwili wake ukavunjika. Salazar alikanusha kumdhulumu. Kwa hoja yangu, jambo la kuangalia ni jinsi kikundi kilivyopangwa. Kuwa mwanafunzi wa Dellinger kulimpa Salazar mazoezi ya Dellinger, lakini hakukumpa miaka ya kusimama kando ya Dellinger akikatazwa. Mazoezi yanaandikika kwenye daftari na yeyote anaweza kuyabeba. Kukatazwa hakuandikiki.

Pingamizi la pili linatoka Iten, na wengi huliona kuwa ndilo linalomaliza ubishi. Bruda Colm O'Connell alifika shule ya St Patrick's kutoka Ireland mwaka 1976 akiwa mwalimu wa jiografia, bila historia yoyote ya ukimbiaji, na mikononi mwake wamepita Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 mwaka 1988, na David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mjini London mwaka 2012. Kama mtu ambaye hakukimbia anaweza kufika hapo, basi ukimbiaji hauna maana. Nakubali nusu ya hoja hii kwa furaha, maana ndiyo ninayoitetea tangu mwanzo. Nusu ya pili husahaulika: O'Connell hakuanza akiwa mkuu. Alianza kwa kumsaidia Peter Foster, mwalimu mwenzake na ndugu wa mkimbiaji wa Uingereza Brendan Foster, aliyekuwa akisimamia riadha pale shuleni. Foster alipoondoka, O'Connell akarithi kazi. Muda wa usaidizi ulikuwa mfupi, lakini mwelekeo wake ulibaki: mtu aliyejua kwamba hajui, kwa hiyo akatazama. Mkimbiaji mstaafu anaanza na hasara ambayo O'Connell hakuwa nayo. Anadhani anajua. Miaka ya usaidizi kwake ni ya kusahau kwanza, ndipo ajifunze.

Patrick Sang ananisumbua zaidi kuliko O'Connell. Alisoma na kukimbia Chuo Kikuu cha Texas, akachukua medali ya fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji kwenye ubingwa wa dunia wa 1991 na 1993 na kwenye Olimpiki ya Barcelona ya 1992, kisha akarudi nyumbani kufundisha. Eliud Kipchoge alikuwa kijana wa kijijini kwao Nandi aliyemfuata kuomba ratiba ya mazoezi, na wakafanya kazi pamoja kwa miaka mingi kwenye kambi ya Kaptagat. Siwezi kumwingiza Sang kwenye hoja yangu kwa nguvu. Hakupitia ofisi ya kocha mkuu wa chuo akiwa msaidizi, na ndiye pengine kocha bora wa mbio ndefu wa kizazi hiki. Ninachoweza kusema ni kwamba watu wa namna yake ni wachache mno kujengea mfumo, na kwamba yeye mwenyewe, alipopanga kambi, hakuipanga kama mtu anayeamini kwamba bingwa mmoja anatosha. Kaptagat ina makocha wasaidizi, ina mtaalamu wa viungo, ina wakimbiaji wakongwe wanaowashika wadogo. Labda tofauti ya kipaji ipo, na ikiwapo hakuna shule inayoitoa.

Kisha kuna wanaosema kwamba mjadala wote huu umepitwa na wakati. Saa ya mkononi inapima mapigo ya moyo, umbali na usingizi, tone la damu kutoka sikioni linapima asidi ya misuli, na programu ya simu inaonya mapema kwamba mkimbiaji amechoka. Nani anahitaji macho ya msaidizi? Vifaa hivi ni vizuri, na kocha anayevikataa kwa ubishi anawapunja wanafunzi wake. Lakini vinapima kile mkimbiaji anachokubali kipimwe. Tangu 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imelipa jina tatizo la wakimbiaji wanaokula chini ya mahitaji ya mazoezi yao: hedhi inakoma, mifupa inadhoofika, nyufa ndogo za mfupa zinaanza, na wakati huohuo, kwa miezi kadhaa, muda unaweza hata kuwa bora kwa sababu mwili umekuwa mwepesi. Saa itaonyesha maendeleo. Anayekula naye mezani kwenye safari ya mashindano ataona sahani. Hapo ndipo mkimbiaji wa zamani wa chuo, hasa mwanamke, ana jambo ambalo mwingine hana: ameshaiona sahani ile, pengine ilikuwa yake, na anaujua uongo unaosemwa juu yake. Bado nasisitiza kwamba hilo halitoshi. Waliopita katika njaa hiyo wakafanikiwa wapo waliokuja kuirithisha kwa wanafunzi wao kama nidhamu. Kinachoamua ni kama walipata muda wa kuiona ikimvunja mwingine huku hatima ya timu ikiwa haiwategemei wao.

Pingamizi gumu zaidi nimeliacha hadi hapa, na sina jibu lake kamili. Msaidizi anaona, lakini hana mamlaka. Kwenye ubingwa wa vyuo wanane wa kwanza hupata alama, 10 kwa mshindi na 1 kwa wa nane, na kazi ya kocha mkuu hupimwa kwa jumla yake. Kwenye mbio za nyika timu hukimbiza watu saba na kuhesabu nafasi za watano, kwa hiyo wa tano akiumwa na wa sita ni dhaifu, kishawishi cha kumkimbiza mgonjwa ni kikubwa. Msaidizi anayesema "huyu asikimbie" anaweza kupuuzwa, na mkataba wake mara nyingi ni wa mwaka mmoja. Hoja kwamba usaidizi ni shule inaweza kugeuka kisingizio cha kuwaweka watu katika unyonge wakiambiwa wanajifunza, kama ilivyokuwa kwa wale wa kujitolea. Sioni namna ya kulikwepa hili. Usaidizi usio na sauti haufundishi chochote ila kunyamaza, na kocha aliyefunzwa kunyamaza, siku akipewa timu, naye huwanyamazisha wengine.

Ila ipo mifano ya nafasi hiyo ikipewa uzito wake. James Li, aliyezaliwa China, alikuwa kocha msaidizi wa mbio ndefu kwenye chuo cha Washington State pale mkimbiaji Bernard Lagat alipofika mwaka 1996 akitoka chuo cha Jomo Kenyatta. Li alipohamia Arizona, Lagat alimfuata, na mwaka 2007 mjini Osaka akashinda dhahabu ya dunia ya mita 1500 na ya mita 5000, jambo ambalo hakuna mwanamume aliyekuwa amelifanya kwenye mashindano hayo. Akiwa na miaka 41 alimaliza wa tano mita 5000 kwenye Olimpiki ya Rio. Mkimbiaji haendelei kuwa na kasi katika umri huo kama aliyekuwa akimfundisha alimkamua mapema. Lagat naye baadaye alichukua kazi ya kufundisha Arizona. Huko El Paso, Texas, Paul Ereng, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 mwaka 1988 akiwa mwanafunzi wa Virginia, amekuwa kocha wa mbio za nyika na msaidizi kwenye riadha kwa miaka mingi. Emmanuel Korir alipita mikononi mwake kabla ya kushinda mita 800 Tokyo mwaka 2021. Ni chuo kilekile cha El Paso ambako Mtanzania Suleiman Nyambui alishinda ubingwa wa vyuo wa mita 10,000 mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, katikati yake akichukua fedha ya mita 5000 Moscow.

Nyambui naye alikuja kuwa kocha, na baadhi ya miaka yake ya kufundisha aliitumia Brunei. Nchi zetu zina wakimbiaji wengi waliopita vyuo vya Marekani, wenye shahada na wenye uzoefu wa kuamshwa alfajiri na ratiba ya mtu mwingine. Wakirudi, kwa kawaida huwa na njia mbili: kukabidhiwa kikundi siku ya kwanza kwa sababu ya medali, au kutopewa chochote kwa sababu hawana. Nafasi ya katikati, ya mkataba wa miaka mitatu au minne chini ya kocha mzoefu wa jeshi, polisi au kambi binafsi, yenye mshahara na yenye haki iliyoandikwa ya kumwondoa mkimbiaji mgonjwa mashindanoni, haigharimu chama fedha nyingi. Inahitaji kocha mkuu anayekubali kupingwa na kijana wa miaka 28 mbele ya daktari wa timu, na huyo ndiye wa kutafutwa kwanza.